Wasiochaguana

Tarehe 31 Oktoba 1887, Louis Martin, fundi saa aliyekwisha kustaafu, alimchukua binti yake wa mwisho hadi mji wa Bayeux kumwona Askofu Hugonin. Binti alikuwa na miaka kumi na minne. Asubuhi hiyo alizikusanya nywele zake na kuzifunga juu ya kichwa kama mwanamke mtu mzima, kwa kuwa ombi alilokwenda nalo lilidai umri: alitaka kuingia monasteri ya Wakarmeli pale Lisieux, na alitaka kuingia kabla ya Krismasi. Askofu alimsikiliza kwa upole asimpe jibu. Padre msimamizi wa monasteri, Kanoni Delatroëtte, alikuwa amekwisha kukataa. Kwake yeye, mtoto huyo angoje mpaka atimize miaka ishirini na mmoja.

Majuma matatu baadaye ombi lilifika Roma. Thérèse Martin alikuwa katika kundi la mahujaji wa Kifaransa waliokwenda kumpongeza Papa Leo XIII kwa jubilei yake ya upadre, na wote waliagizwa wapige magoti, wapokee baraka, wapite, wasitamke neno. Ilipofika zamu yake, tarehe 20 Novemba, alitamka. Papa alimwambia afuate watakayoamua wakubwa wake, na kwamba ataingia Mungu akipenda. Binti hakuinuka. Aliendelea kuegemeza mikono juu ya magoti ya Papa mpaka walinzi wakamnyanyua wakamtoa nje.

Ruhusa ya askofu ilikuja mwisho wa Desemba, na masista wenyewe wakaisogeza mbele hadi Kwaresima ipite. Tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na miaka kumi na mitano na miezi mitatu, alifunguliwa mlango. Kanoni Delatroëtte alikuwapo. Aliwaambia masista, baba mtu akisikia, kwamba huyu hapa mtoto waliyemng'ang'ania, na asipofaa lawama ni yao peke yao.

Vitabu vya watakatifu hupenda sana mlango huu. Msichana anaingia, mlango unafungwa, machozi ya baba, basi, wito umetimia. Nadhani hapo ndipo tunapodanganywa. Kuingia kulimgharimu Thérèse miezi michache ya kusumbua wakubwa. Kukaa kulichukua maisha yake yote yaliyobaki, na kilichokuwa kigumu katika kukaa huko hakikuwa kile ambacho sisi tulio nje tunakidhania.

Msomaji wa Afrika Mashariki anamjua binti huyu. Ndiye Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, ambaye kanisa kuu la Arusha lina jina lake, pamoja na parokia, shule na mabinti wengi wasiohesabika. Lakini maisha aliyoishi yanatuwia mageni, kwa sababu kwetu sista ni mtu wa kuonekana. Yuko zahanati akichoma sindano, yuko darasani, yuko sokoni akikadiria bei ya maharage ya bweni, yuko kwenye usukani wa gari la shirika katika barabara mbovu. Ukimweleza mama wa kijijini kwamba wapo masista ambao hawafundishi, hawauguzi, na hawatoki nje ya ukuta mpaka kufa, atakuuliza swali la haki kabisa: sasa humo ndani wanafanya nini?

Wanasali. Jibu ni fupi hivyo, na kwa wengi halitoshi.

Ukuta wenyewe una historia ndefu. Papa Bonifasi VIII aliamuru mwaka 1298 kwamba watawa wote wa kike wakae ndani, na Mtaguso wa Trento ukalirudia agizo hilo mwaka 1563. Amri zilitungwa na wanaume, na hofu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ya wanaume pia: mwanamke asiye na mume wala baba wa kumchunga atatembea ovyo. Ila mwanamke aliyeipa Karmeli sura tunayoijua alikuwa na sababu zake mwenyewe. Teresa wa Ávila alikuwa ameishi zaidi ya miaka ishirini katika monasteri ya La Encarnación, yenye watawa zaidi ya mia na hamsini. Mabinti wa matajiri walikuwa na vyumba vizuri na watumishi wao, maskini walilala pamoja, na sebule ya wageni ilijaa maongezi ya mjini kutwa. Tarehe 24 Agosti 1562 alianzisha nyumba ndogo ya San José na kuweka idadi ya watawa kumi na watatu, ambayo baadaye aliiongeza hadi ishirini na mmoja. Alitaka nyumba ambamo kila mmoja anamjua mwenzake, hakuna anayeitwa kwa cheo cha ukoo wake, na hakuna mgeni wa kuwapotezea muda. Pia alitia katika ratiba vipindi viwili vya mazungumzo kila siku, kwa kuwa aliwaogopa watawa wenye nyuso za kununa.

Karmeli ya Lisieux ilianzishwa mwaka 1838, na Thérèse alipoingia ilikuwa na masista ishirini na sita, wenye umri wa wastani wa miaka arobaini na saba. Jengo lilikuwa la matofali, lenye bustani ndogo na ua wa ndani wenye msalaba. Mtu wa nje alifika hadi kwenye kabati la mbao linalozunguka ukutani: unaweka mzigo wako, unalizungusha, mkono usiouona unauchukua upande wa pili. Ndugu waliruhusiwa kuja kuzungumza kwenye chumba kilichogawanywa kwa nondo, huku saa ya mchanga ikihesabu dakika zao na sista mwingine akisikiliza. Barua zilizoingia na kutoka zilipitia mikononi mwa mama mkuu.

Ndani kulikuwa na tabaka mbili, jambo ambalo Teresa wa Ávila asingelifurahia lilipozidi mipaka. Masista wa kwaya, waliovaa shela nyeusi, walisali zaburi kwa Kilatini. Masista wa shela nyeupe, wengi wao kutoka mashambani, walipika na kufua, na badala ya zaburi walisali Baba Yetu kadhaa. Msichana wa kwaya aliletwa na mahari iliyolipwa na wazazi wake kwa monasteri. Kwetu anayelipa ni upande wa bwana arusi, kwa hiyo habari hii hutuchekesha kidogo, lakini Ufaransa ya wakati huo ndivyo ilivyooza mabinti wake, na ndivyo ilivyowatoa kwa Mungu.

Wakati wa kiangazi kengele ililia saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Ilifuata saa nzima ya sala ya kimya, kila mmoja na Mungu wake, kisha zaburi, kisha Misa saa moja. Kazi. Chakula cha mchana kililiwa saa nne asubuhi, mtu akisoma kwa sauti na wengine wakitafuna. Saa tano walikaa pamoja kuzungumza, mikono ikiendelea kushona. Mchana zaburi tena, kusoma, kazi. Saa kumi na moja jioni saa ya pili ya sala ya kimya. Saa kumi na mbili chakula. Mazungumzo ya pili. Sala ya mwisho wa siku. Saa mbili usiku kilianza kimya kikuu, ambacho hakivunjwi ila kwa dharura. Saa tatu walirudi kanisani kusali sala ndefu ya usiku, na wakalala kati ya saa nne na nusu na saa tano, juu ya mbao zenye godoro la majani makavu. Kuanzia tarehe 14 Septemba mpaka Pasaka walifunga. Nyama haikuliwa na mtu mzima wa afya mwaka mzima. Mara kadhaa kwa juma walijichapa kwa kamba, kwa kumbukumbu ya mateso ya Kristo, desturi ambayo leo wasomaji wengi, waumini wakiwamo, huisoma wakikunja uso.

Baridi ilikuwa adui mbaya kuliko njaa. Jengo zima lilikuwa na moto katika chumba cha mazungumzo na chumba cha wagonjwa tu. Majira ya baridi ya Normandia yana unyevu unaoingia mifupani, na Thérèse aliondoka penye moto saa ya kulala akapita ubaraza ulio wazi kwenda kwenye chumba chake kisicho na joto, akatetemeka hadi usiku wa manane. Alikuja kukiri, akiwa karibu kufa, kwamba hakuna kilichomtesa mwilini kama baridi ile. Hakumwambia mtu wakati ule. Jikoni nako, sista aliyegundua kwamba huyu mdogo halalamiki alianza kumpelekea mabaki yaliyopashwa moto mara ya pili na ya tatu, ambayo mwingine yeyote angeyarudisha.

Hata hivyo mtu huzoea baridi na njaa. Asichokizoea ni watu.

Aliyesoma shule ya bweni anaelewa. Kitanda cha jirani kinachopiga kelele, msichana anayetafuna kwa sauti, yule anayeazima sabuni asiirudishe: mambo madogo mno kumweleza mzazi siku ya kutembelewa, na makubwa kiasi cha kukukosesha usingizi. Lakini bweni lina kidato cha nne. Karmeli haina. Wanawake ishirini na sita ambao hawakuchaguana, wa tabaka, elimu na tabia tofauti, walifungiwa pamoja mpaka kifo, na kila mmoja alikuwa ameacha nyumbani watu aliowapenda.

Thérèse aliyaandika haya kwa uwazi ambao bado unashangaza. Kanisani alikaa mbele ya sista aliyekuwa na kawaida ya kutoa mlio mdogo, kama wa makombe yanayosuguana. Mlio huo ulimfanya atokwe na jasho. Alitamani ageuke amkazie macho mara moja tu. Badala yake aliamua kuusikiliza kwa makini kana kwamba ni muziki mzuri, na anakiri kwamba saa nzima ya sala iliishia hapo. Siku ya kufua, sista aliyekuwa mbele yake alimrushia maji machafu usoni kila alipopiga nguo; alijizuia asirudi nyuma wala kujifuta. Kulikuwa na Sista Saint-Pierre, mzee mwenye baridi yabisi, ambaye kila jioni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi ilibidi atolewe kanisani apelekwe kwenye chumba cha chakula. Alikuwa na masharti yake: ashikwe mkanda kwa nyuma, asiendeshwe haraka, asiendeshwe polepole, na akijikwaa kosa ni la anayemshika. Thérèse alijitolea. Alipogundua kwamba bibi huyo anapata shida kukata mkate kwa mikono iliyopinda, akaongeza na kazi hiyo.

Na kulikuwa na Sista Thérèse de Saint-Augustin, ambaye kila kitu chake kilimuudhi: mwendo, maneno, tabia. Hakuwa mtu mbaya. Ni kwamba damu zao hazikupatana. Thérèse alijiwekea sheria ya kumtendea sista huyu kama ambavyo angemtendea mtu anayempenda kupita wote. Alimwombea, alimsaidia kazi, na aliposhikwa na hamu ya kumjibu kwa ukali alitabasamu. Tabasamu liliposhindikana, alikimbia. Huyo ni mtakatifu, na amekimbia kwa miguu yake kama askari aliyetoroka vitani. Mwenyewe anausimulia utoro huo bila aibu. Siku moja yule sista alimuuliza, kwa furaha, ni kitu gani hasa kinachomvuta kwake, maana kila wakikutana anatabasamu.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo madogo. Ndiyo. Ukuta hauachi makubwa mengi ya kuchagua, na huko nje tulipo sisi tuna njia rahisi ya kuwakwepa tusiowapenda: tunahama, tunabadili kazi, tunazima simu.

Siasa pia zilikuwamo. Dada zake wawili wakubwa, Pauline na Marie, walitangulia Karmeli. Céline akafuata mwaka 1894, na binamu yao Marie Guérin mwaka 1895. Watu watano wa ukoo mmoja katika nyumba ya watu wasiozidi thelathini ni chama tosha, na wapo waliowanung'unikia. Mama Marie de Gonzague, mwanamke wa ukoo wa kikabaila, mwenye mvuto na wivu kwa pamoja, aliongoza nyumba hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1893 alichaguliwa Pauline. Mwaka 1896 Mama Gonzague alirudi madarakani, lakini baada ya kura kupigwa mara saba. Thérèse hakupiga hata moja: kanuni haikuruhusu zaidi ya ndugu wawili wa familia moja kwenye baraza la kura, hivyo alibaki upande wa wanovisi, yaani watawa walio katika mafunzo, mpaka kufa, huku kwa vitendo akiwa ndiye anayewalea.

Nje nako mambo hayakumngoja. Februari 1889, mwezi mmoja tu baada ya yeye kuvikwa vazi la kitawa, baba yake alipelekwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Bon Sauveur, mjini Caen, akakaa miaka mitatu. Lisieux ulikuwa mji mdogo. Walisema mzee ameharibiwa akili na mabinti wanaomkimbia mmoja baada ya mwingine, hasa huyu kitindamimba. Maneno hayo yalipita nondo bila shida. Yeye hakuweza kutoka kumwona. Baba alipotolewa mwaka 1892 aliletwa kwenye chumba cha mazungumzo mara moja, akiwa kwenye kiti, hawezi kusema sana. Hawakuonana tena; alifariki mwaka 1894.

Ingekuwa hadithi ya kujifungia tu, pengine nisingeiandika. Oktoba 1895 iliingia barua kutoka kwa Maurice Bellière, mseminari wa Bayeux mwenye miaka ishirini na mmoja, yatima aliyelelewa na shangazi, akiomba sista mmoja amwombee ili wito wake usife. Pauline, aliyekuwa mama mkuu, alimpa kazi hiyo mdogo wake. Walikuja kuandikiana moja kwa moja, barua zipatazo ishirini kwa jumla, na hawakuonana uso kwa uso hata siku moja. Bellière alikuwa kijana wa kuyumba, mwepesi wa kukata tamaa. Alijiunga na Mapadri Weupe, shirika lile lile la Kardinali Lavigerie lililokwisha kufika Ujiji na Buganda mwaka 1879. Alipanda meli kwenda Algiers tarehe 29 Septemba 1897. Thérèse alifariki jioni ya siku iliyofuata.

Bellière alifika Nyasaland, Malawi ya leo, mwaka 1902. Hakufanya makubwa. Aliugua, akagombana na wakubwa wake, akarudi Ufaransa akiwa amevunjika mwili na akili, na mwaka 1907 akafa katika hospitali ile ile ya Bon Sauveur alimolazwa baba wa sista aliyemwombea. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Papa Pius XI alipomtangaza Thérèse mwaka 1927 kuwa msimamizi wa misioni zote, sambamba na Fransisko Ksaveri aliyevuka bahari hadi Japani, wengi waliona ni ushairi wa Kanisa. Kwa hesabu ya kibinadamu, kati ya wamisionari wawili aliopewa kuwaombea, mmoja alikwenda China, na mwingine, Bellière, alishindwa katika bara letu. Mimi napenda kwamba kushindwa huko kumo ndani ya hesabu.

Kifua kikuu kilijitangaza usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya 1896, alipohisi kitu kinabubujika hadi midomoni. Taa alikwisha kuizima, akajinyima kuiwasha, akasubiri asubuhi ndipo alipotazama leso na kuona damu. Siku chache baadaye, katika Pasaka hiyo hiyo, imani ikaingia giza. Hakuwa tena na hisia yoyote kwamba kuna mbingu. Sauti ya ndani ilimdhihaki kwamba baada ya kifo hakuna chochote. Hali hiyo ilidumu miezi kumi na minane, hadi pumzi ya mwisho, huku akiendelea kutunga mashairi ya furaha ambayo wenzake waliyaimba. Alisema sasa anawaelewa watu wasioamini. Maumivu yalipozidi aliwaonya dada zake wasiache dawa zenye sumu karibu na mgonjwa wa namna yake. Tangu alipoingia mpaka alipokufa, tarehe 30 Septemba 1897, ilikuwa imepita miaka tisa na nusu. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Leo asingeingia hivyo. Kwa kanuni ambazo Roma ilizitoa mwaka 2018, safari ya binti kutoka kubisha hodi mpaka nadhiri za daima katika monasteri ya ndani haipungui miaka tisa: mwaka wa kuonja, mwaka wa upostulanti, miwili ya unovisi, mitano ya nadhiri za muda. Thérèse angekufa miezi michache tu baada ya kuweka nadhiri zake za daima. Kwa kweli naiona miaka hiyo tisa kuwa ya busara. Inampa msichana nafasi ya kujua kama anaweza kuishi na wenzake, ambalo ni swali gumu kuliko lile la kama anampenda Mungu.

Daftari ambamo Thérèse aliandika habari zake zilichapishwa mwaka mmoja baada ya kifo chake, nakala 2,000, baada ya Pauline kuzipitia na kubadili maelfu ya maneno. Mama Gonzague alikubali zitoke kwa sharti moja: zihaririwe zionekane zote kama zimeandikwa kwa ajili yake yeye, ingawa sehemu kubwa iliandikwa kwa Pauline. Ndivyo kitabu kilivyosomwa dunia nzima, na maandishi ya asili hayakutolewa mpaka mwaka 1956.

Na katika mchakato wa kumtangaza mtakatifu, uliofunguliwa mwaka 1910, miongoni mwa masista waliotoa ushahidi chini ya kiapo alikuwamo Sista Thérèse de Saint-Augustin. Aliandika na kumbukumbu zake kando, kurasa kadhaa, kuhusu urafiki wa kipekee uliokuwapo kati yao wawili.